Kuichambua namba kubwa kwa karatasi na kalamu, mfano wetu ni 1,234,567,890

Watu wengi ukiwapa namba ya tarakimu kumi kitu cha kwanza ni kufungua kalkuleta, wanagawanya kwa 7, wanagawanya kwa 13, kioo kinajaa desimali, wanafunga, wanasema hii namba haina lolote. Nawaelewa kabisa, maana mimi nimewahi kufanya ujinga mkubwa kuliko huo na nitausimulia huko mbele. Ila namba yoyote, iwe ndefu kama nini, inafunguka ukishaipasua kwenye namba tasa zake, yaani zile zisizogawanyika kwa kitu kingine zaidi ya 1 na zenyewe, na ukishazipata hizo basi mengine yote (ina vigawo vingapi, jumla yao ni ngapi, ni mraba au sio, inaandikika kama jumla ya miraba mingapi) yanatoka ndani ya dakika chache bila kugawanya tena. Kazi yote iko kwenye kupasua.

Nimechagua 1,234,567,890 kwa sababu kila mtu ameshaiandika kwenye kibodi bila hata kufikiria, tarakimu zote kumi zimo, kila moja mara moja, unaiona ya kawaida kumbe katikati kuna mtego mtamu sana. Chukua karatasi twende.

Usiguse kalkuleta kwanza

Itazame. Inaishia na 0, kwa hiyo 2 na 5 zinaingia, hapo hakuna mjadala. Je 4? Unaangalia tarakimu mbili za mwisho tu, 90, na 90 haigawanyiki kwa 4, basi 2 imeingia mara moja na imeisha. Je 25? Tena 90, haigawanyiki, basi 5 nayo ni moja tu. Sababu ya kuangalia mbili za mwisho ni kwamba 100 inagawanyika kwa 4 na kwa 25, kwa hiyo chochote kilicho kushoto kwa hizo mbili hakiwezi kuharibu wala kutengeneza.

Sasa jumlisha tarakimu: 1+2+3+4+5+6+7+8+9+0 = 45. Inagawanyika kwa 9, kwa hiyo namba nzima inagawanyika kwa 9. Hii inafanya kazi kwa sababu 10 ukiigawanya kwa 9 inabaki 1, 100 inabaki 1, 1,000 inabaki 1, kwa hiyo kila tarakimu inachangia baki yake yenyewe popote ilipokaa. Na kwa maana hiyo ukizichanganya hizi tarakimu kumi kwa mpangilio wowote ule unaotaka, namba utakayopata lazima igawanyike kwa 9, huwezi kuikwepa.

Hapa wengi wanateleza: wanadhani kanuni ya jumla ya tarakimu inaendelea mpaka 27. Haiendelei! Chukua 1,899, jumla ya tarakimu zake ni 27 kabisa lakini ukiigawanya kwa 27 unabaki na 9. Ukitaka kupima 27 kuna njia nyingine, unakata namba makundi ya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia halafu unajumlisha makundi: 1 + 234 + 567 + 890 = 1,692, hiyo nayo unaikata tena, 1 + 692 = 693. Sasa 693 kwa 27 ni 25 baki 18, haigawanyiki. Uzuri ni kwamba hiyo 693 hiyo hiyo inakupimia na 37, maana 999 ni 27 × 37, na 693 kwa 37 ni 18 baki 27, nayo haimo. Pigo moja namba mbili.

Kwa hiyo mpaka hapa tuna 2 × 5 × 3 × 3 = 90, na ukigawanya namba yetu kwa 90 unapata 13,717,421 kamili. Kuanzia sasa adui yetu ni huyu wa tarakimu nane, ile kubwa tumeachana nayo.

7, 11 na 13 kwa mkupuo

Zidisha 7 × 11 × 13 unapata 1,001. Hii ni zawadi, kwa sababu 1,000 ni pungufu ya 1,001 kwa moja tu, kwa hiyo yale makundi ya tatu tatu safari hii huyajumlishi, unayatoa na kuyajumlisha kwa kupokezana, kuanzia kulia: 890 − 567 + 234 − 1 = 556. (Nimetumia namba kubwa badala ya 13,717,421 kwa sababu tu makundi yake yameshakatwa, na kwa kuwa 90 haina 7 wala 11 wala 13 ndani yake majibu hayabadiliki.) Sasa 556 kwa 7 inabaki 3, kwa 11 inabaki 6, kwa 13 inabaki 10. Zote tatu nje.

Anzia kulia tafadhali. Ukianzia kushoto kwa namba yenye makundi manne kama hii utapata −556, kwa swali la inagawanyika au haigawanyiki jibu ni lile lile, ila ukitaka baki yenyewe utakuwa umeigeuza kichwa chini miguu juu bila kujua.

Inayofuata ni 17, na yenyewe ina ujanja wake: kata tarakimu ya mwisho, izidishe kwa 5, toa kwenye kilichobaki, rudia. Tunafanya kwa 13,717,421:

1,371,742 − 5 = 1,371,737
137,173 − 35 = 137,138
13,713 − 40 = 13,673
1,367 − 15 = 1,352
135 − 10 = 125

Na 125 haigawanyiki kwa 17, basi hata 13,717,421 haigawanyiki. Kumbuka tu njia hii inakwambia ndiyo au hapana, baki ya mwisho sio baki ya namba ya mwanzo, usije ukaiandika popote.

Unaweza kuendelea hivi na 19, 23, 29, lakini hapa ndipo pa kusimama na kujiuliza, naelekea wapi?

Ukuta

Kanuni ya kugawanya kwa kujaribu ni kwamba ukifika kwenye kipeuo cha pili cha namba bila kupata kigawo basi namba ni tasa, kwa sababu vigawo vinakuja wawili wawili na mmoja wao lazima awe mdogo kuliko kipeuo au sawa nacho. Kipeuo cha pili cha 13,717,421 kiko kati ya 3,703 na 3,704. Namba tasa zilizo chini ya 3,704 ni zaidi ya 500. Mia tano, kila moja na hesabu yake ya kugawanya.

Sasa ule ujinga wangu. Mara ya kwanza kukutana na hii 13,717,421 nilikaa na daftari nikaanza kugawanya moja moja, 19 hapana, 23 hapana, 29 hapana, mistari inashuka, nikajaza kurasa nne, nikafika 400 na kitu, mkono unauma, kila jibu ni hapana. Nikasema kama kigawo kingekuwepo si kingeshajitokeza jamani. Nikaandika kwa herufi kubwa TASA, nikaipigia mstari chini mara mbili, nikalala. Na nilikuwa nimekosea vibaya, kigawo kidogo kabisa cha hiyo namba ni namba tasa ya 504 kwenye foleni, mimi nilikuwa sijafika hata ya mia.

Njia ambayo ingeniokoa aliitumia Mfaransa Pierre de Fermat karne ya 17. Wazo ni la darasani kabisa, a² − b² = (a − b)(a + b). Ukiweza kuandika namba yako kama mraba toa mraba umeshaipasua, kwisha. Na kila namba witiri iliyo zao la namba mbili inaandikika hivyo, a ni wastani wa hizo mbili na b ni nusu ya tofauti yao. Kwa hiyo unaanza na namba ndogo kabisa ambayo mraba wake unaizidi namba yako, unatoa, unaangalia kama tofauti ni mraba, kama sio unapanda moja, unajaribu tena.

Tuanze na 3,704. Mraba wake ni 13,719,616, ukitoa 13,717,421 unapata 2,195. Je 2,195 ni mraba? Usihangaike na kipeuo, mraba ukiishia na 5 lazima tarakimu mbili za mwisho ziwe 25, na hii inaishia na 95. Hapana.

Kwa kweli hata hiyo 3,704 hatukuwa na haja ya kuijaribu. Miraba ya namba shufwa ikigawanywa kwa 4 inabaki 0, miraba ya witiri inabaki 1, hakuna kingine. Namba yetu inaishia na 21, kwa 4 inabaki 1, kwa hiyo ili a² − b² ibaki 1 lazima a iwe witiri na b iwe shufwa, njia nyingine haipo. (Baki ingekuwa 3 ingekuwa kinyume chake, a shufwa na b witiri.) Ukijua hilo unaruka nusu ya kazi.

Basi 3,705. Mraba wake ni 13,727,025. Toa 13,717,421, unapata 9,604.

Na 9,604? 98 ni 100 toa 2, mraba wake ni 10,000 − 400 + 4, ambayo ni 9,604. Imekubali!

Kwa hiyo 13,717,421 = (3,705 − 98)(3,705 + 98) = 3,607 × 3,803. Kurasa zangu nne na usiku mzima dhidi ya hesabu moja ya kutoa. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka peke yangu kama mwehu.

Hakikisha kabla hujafurahi

Mambo mawili. Kwanza kuzidisha kwenyewe: njia ya haraka ya kushika kosa ni kujumlisha tarakimu mpaka ibaki moja. 3,607 inatoa 16 halafu 7, 3,803 inatoa 14 halafu 5, 7 × 5 ni 35 halafu 8. Upande wa pili 13,717,421 inatoa 26 halafu 8. Zimekubaliana. Hii haithibitishi asilimia mia (ukibadilishana tarakimu mbili haioni), ila ikikataa basi una uhakika umekosea.

La pili, njia ya Fermat imekupa namba mbili lakini haijakwambia kama ni tasa, hilo ni lako. Kwa 3,607 unahitaji kujaribu namba tasa mpaka 59 tu, kwa sababu 61 × 61 ni 3,721 imeshapita. 2, 3 na 5 zinatoka kwa macho. 7 inabaki 2, 11 inabaki 10, 13 inabaki 6, 17 inabaki 3, 19 inabaki 16, na unaendelea hivyo hivyo, 53 inabaki 3, 59 inabaki 8, hakuna inayoingia. Kwa 3,803 unaongeza na 61, ambayo inabaki 21. Zote mbili tasa.

Umbo kamili ni hili:

1,234,567,890 = 2 × 3² × 5 × 3,607 × 3,803

Liandike juu ya ukurasa mpya maana kuanzia hapa tunavuna.

Vigawo vyake

Idadi ya vigawo unaipata kwa kuongeza 1 kwenye kila kipeo (yaani namba tasa imejirudia mara ngapi, kama ile 2 ndogo juu ya 3²) halafu unazidisha. Vipeo vyetu ni 1, 2, 1, 1, 1, kwa hiyo 2 × 3 × 2 × 2 × 2 = 48. Kwa nini kuongeza moja? Kwa sababu ukitengeneza kigawo una uhuru wa kuchukua 3 mara sifuri, mara moja au mara mbili, hizo ni chaguo tatu, na hizo nyingine kila moja unaichukua au unaiacha.

Kuviorodhesha vyote 48 usianze kubahatisha. Andika vigawo vya 90: 1, 2, 3, 5, 6, 9, 10, 15, 18, 30, 45, 90, viko 12. Halafu hicho kikundi kizima kizidishe kwa 3,607, tena kwa 3,803, tena kwa 13,717,421. Mara nne kumi na mbili, 48, imeisha. Hapo utaona kitu ambacho mimi nakipenda sana kwenye namba hii, kwamba baada ya 90 hakuna kigawo chochote mpaka 3,607, ni jangwa tupu, na ndiyo maana daftari langu lilijaa hapana. Na vigawo viwili vinavyokaribiana zaidi kwa zao lake ni 34,227 × 36,070, yaani ungekuwa na vitone 1,234,567,890 ukataka kuvipanga mstatili unaokaribia mraba, huo ndio.

Jumla ya vigawo vyote. Kwa kila namba tasa unajumlisha vigawo vinavyotokana nayo peke yake kuanzia 1, kisha unazidisha majibu: kwa 2 ni 1+2 = 3, kwa 3² ni 1+3+9 = 13, kwa 5 ni 6, kwa 3,607 ni 3,608, kwa 3,803 ni 3,804. Hapo kwenye 3² ndipo watu wanaharibu, wanaandika 4 × 4 = 16 kwa kuona 3 iko mara mbili, sio hivyo, ni 13. Zidisha: 3 × 13 × 6 = 234, halafu 3,608 × 3,804 = 13,724,832, na zao lao ni 3,211,610,688.

Ukiitoa namba yenyewe kwenye hiyo jumla unabaki na 1,977,042,798, ambayo ni kubwa kuliko namba yenyewe. Namba ya hivi, ambayo vigawo vyake vingine vikijumlishwa vinaizidi, iko upande wa pili wa namba kamilifu kama 6 na 28 ambazo zinalingana sawasawa. Sasa jaribu kufuta ile sifuri ya mwisho ubaki na 123,456,789. Namba tasa ni zile zile isipokuwa 2 na 5 zimetoka, jumla ya vigawo inakuwa 13 × 13,724,832 = 178,422,816, ukitoa namba yenyewe inabaki 54,966,027, haifiki hata nusu yake. Sifuri moja tu imeihamisha kutoka kuzidiwa mpaka kupungukiwa, na aliyefanya kazi hiyo ni 2 na 5, sio ukubwa wa namba.

Kuna hesabu nyingine ya mwanahisabati Leonhard Euler: kuanzia 1 mpaka namba yetu, ni ngapi ambazo hazina kigawo chochote cha pamoja nayo zaidi ya 1? Hakuna mtu atakayezihesabu moja moja. Unachukua kila namba tasa ukipunguza moja, na ile yenye kipeo cha 2 unaizidisha mara moja zaidi kwa namba yenyewe: 1 × (2 × 3) × 4 × 3,606 × 3,802 = 329,040,288. Ni kama 27 katika kila 100. Angalia kwamba 3,607 na 3,803 karibu hazijapunguza kitu, waliofyeka ni 2, 3 na 5.

Miraba

Je yenyewe ni mraba? Hapana, na hukuhitaji kipeuo, mraba ukiishia na sifuri lazima sifuri ziwe mbili au nne au sita, hii ina moja. Ukitaka kuona kwa macho, 35,136² ni 1,234,538,496 na 35,137² ni 1,234,608,769, namba yetu imekaa katikati.

Je ni jumla ya miraba miwili? Kanuni inasema kila namba tasa inayobaki 3 ukiigawanya kwa 4 lazima iwe na kipeo shufwa. 3 yetu ina kipeo 2, salama. Lakini 3,607 inabaki 3 na kipeo chake ni 1, basi imeharibu, na 3,803 nayo hivyo hivyo. Haiwezekani, na hata ukae mwaka mzima unatafuta hutapata.

Miraba mitatu je? Zinazoshindikana hapa ni zile tu ambazo ukishaondoa 4 zote kwa kugawanya, kilichobaki ukikigawanya kwa 8 kinabaki 7. Yetu haigawanyiki kwa 4 na kwa 8 inabaki 2 (tazama tatu za mwisho, 890), kwa hiyo lazima ipo njia. Kuitafuta nilishuka kutoka 35,136 moja moja nikiangalia kama kilichobaki kinakubali miraba miwili: 35,136 imeniachia 29,394, ambayo ina 23 na 71 ndani, imekataa. 35,135 imeniachia 99,665, ina 31, imekataa. 35,134 imeniachia 169,934, nusu yake kwa 4 inabaki 3, imekataa. 35,133 imeniachia 240,201, ambayo ni 9 × 13 × 2,053, na hapo 13 na 2,053 zote zinabaki 1 kwa 4, imekubali. 240,201 ni 405² + 276². Basi:

1,234,567,890 = 35,133² + 405² + 276²

Piga mwenyewe uone: 1,234,327,689 + 164,025 + 76,176.

Kwenye lugha ya kompyuta

Hii ni fupi. Kubadili kwenda kizio cha 16 unagawanya kwa 16 mfululizo ukiandika baki: 2, 13, 2, 0, 6, 9, 9, 4. Unazisoma kinyumenyume na 13 inaandikwa D, unapata 499602D2. Kila herufi hapo ni biti nne (biti ni tarakimu moja ya kizio cha 2, yaani 0 au 1), kwa hiyo kizio cha 2 unakiandika bila hesabu nyingine: 100 1001 1001 0110 0000 0010 1101 0010, biti 31, na tarakimu 1 ziko 12. Inaenea kwenye namba ya biti 32 yenye alama (biti moja inatunza kama ni chanya au hasi), ambayo mwisho wake ni 2,147,483,647.

Hiyo ina maana yake kwa wanaoandika programu, maana kompyuta nyingi zinahesabu muda kwa sekunde kuanzia tarehe 1 Januari 1970. Gawanya namba yetu kwa 86,400 unapata siku 14,288 na sekunde 84,690, yaani saa 23 dakika 31 na sekunde 30. Ukihesabu siku hizo unaangukia Ijumaa tarehe 13 Februari 2009, na kuna watu walikaa macho kabisa kuisubiri hiyo sekunde ipite, saa 23:31:30 kwa saa ya dunia.

Njia ile ile ikigoma

Usije ukatoka hapa unadhani Fermat anatibu kila kitu. Imefanya kazi haraka kwa sababu 3,607 na 3,803 zimekaribiana, tofauti yao ni 196 tu. Geuza tarakimu, chukua 987,654,321. Jumla ni 45 tena, gawanya kwa 9 upate 109,739,369. Ukiingia na Fermat moja kwa moja, hata kwa kuruka shufwa, utapiga karibu hatua 90,000. Wakati ukitumia ule ujanja wa 17:

10,973,936 − 45 = 10,973,891
1,097,389 − 5 = 1,097,384
109,738 − 20 = 109,718
10,971 − 40 = 10,931
1,093 − 5 = 1,088
108 − 40 = 68

68 ni 4 × 17, imeingia. Na ukigawanya inaingia tena mara ya pili, mwisho unapata 3² × 17² × 379,721. Kwa hiyo utaratibu wangu mimi siku hizi ni huu: namba tasa ndogo ndogo mpaka kama 50 hivi, halafu hatua kumi au ishirini za Fermat, halafu ndio narudi kwenye kugawanya kwa subira. Ukiwa na kompyuta ya Linux unaandika tu factor 1234567890 inakutemea 2 3 3 5 3607 3803 kabla hujapepesa jicho, lakini hata kompyuta zina ukuta wao, namba inayoitwa RSA-250 yenye tarakimu 250 ilikuja kupasuliwa mwaka 2020, na hiyo ilikuwa kazi ya mashine nyingi sana kwa pamoja. Na wanaotengeneza funguo za siri za kompyuta wanakatazwa kuchagua namba tasa mbili zinazokaribiana sana, sababu ni hii hii ya 3,705.

Kwa kitu kingine cha pembeni, ukitaka kigawo kikubwa cha shirika cha 987,654,321 na 123,456,789 usizipasue kabisa, zidisha ndogo kwa 8 utoe kwenye kubwa, inabaki 9, na 9 inagawanya ndogo. KKS ni 9, mstari mmoja.

Zoezi: 2,027,651,281. Hii ni namba ya Fermat mwenyewe, ndiyo aliyoitumia kuonesha njia yake, na yeye alihitaji hatua 12. Kipeuo chake kimezidi 45,029 kidogo. Inaishia na 81, kwa 4 inabaki 1, kwa hiyo shufwa unaziruka, anza na 45,031 upande mbili mbili, na ya sita itakuachia 1,040,400.